Kusita Kizingitini

"Tena," alisema Mwalimu.

Wachezaji wakarudi mwanzo, mmoja akivuta soksi, mwingine akifuta jasho la shingo kwa mkono wa fulana. Ni binti wa mbele tu aliyebaki katikati ya sakafu, mikono kiunoni.

"Mwalimu, tena ya ngapi hii?"

"Ya mwisho."

"Ya mwisho ulishaisema asubuhi."

"Ile ya asubuhi ilikuwa babu. Hii ni mjukuu wake. Rudi nyuma."

Mpiga kinanda, mzee mwenye kikohozi na mdomo usiolala, aligeuka kwenye kiti chake. "Msumari mwanangu, usijisumbue. Huyu hata tukimzika, kesho yake tutasikia sauti kutoka chini: tena."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Mwalimu naye alikaribia kucheka, akakimeza kicheko chake. Alijua kwamba nyuma ya mgongo wake walimwita Mzee Tena, na hakuona tusi ndani ya jina hilo.

Yule binti walimwita Msumari kwa sababu ya kusimama kwake: wima, mwembamba, kama kitu kilichopigiliwa sakafuni na kisichong'oka bila kuacha tundu. Jioni hiyo ndiye angecheza *Kizingiti*, dansi kongwe kuliko zote katika kundi lile, na mjane wa aliyeitunga alikuwa amealikwa kuja kuitazama kwa mara ya kwanza tangu aache kuicheza yeye mwenyewe. Kwa hiyo hapakuwa na nafasi ya mzaha mrefu. Kinanda kikaanza.

Ni dansi ya mwanamke ndani ya nyumba. Wenzake wote ni kuta, ni milango, ni mikono ya watu wa nyumbani inayomshika na kumwachia. Mwishoni anafika kizingitini, na kizingiti ni utepe mweupe tu uliobandikwa sakafuni. Anauweka mguu wa kushoto juu ya utepe, mwili unaanza kugeuka ili utoke, halafu unakatika. Kisigino kinabaki chini. Pumzi moja, ndefu kuliko adabu. Kisha anazunguka, anatoka, na jukwaa linabaki na kuta zisizo na mtu.

Watu walikuja kwa ajili ya pumzi ile. Ikifika, ukumbi uliacha kukohoa.

Msumari aliuweka mguu juu ya utepe, akaanza kugeuka, na Mwalimu alikuwa ameshamfikia kabla kinanda hakijanyamaza. Vidole viwili juu ya bega lake, basi. Hakuwahi kumkamata mchezaji kwa kiganja.

"Umekimbia."

"Muziki unanivuta, Mwalimu. Muziki unasema nenda."

"Muziki haujafiwa. Wewe umefiwa. Kuna mtu umemwacha ndani amelala na hataamka. Subiri. Usimgeukie, lakini subiri. Sasa."

Binti alisubiri, akageuka, akatoka. Kwa mara ya kwanza wiki ile, Mwalimu hakusema tena.

Asikudanganye mtu kwamba kazi hii ni ndogo. Mtunzi hutunga dansi, akafa. Mchezaji huicheza, akazeeka, akavunjika, akaenda zake. Dansi yenyewe haina pa kukaa. Huwezi kuitundika ukutani wala kuifungia kabatini. Ni lazima ikae katika mwili wa mtu, na mtu huyo aamke kila asubuhi aihamishie kwenye miili ya wengine, nyonga kwa nyonga, kidole kwa kidole. Katika kundi lile mtu huyo alikuwa Mwalimu. Alizijua sehemu za wanaume na za wanawake, za kuta na za milango. Ukimwuliza mkono wa kulia wa mchezaji wa nyuma uko wapi wakati fulani, hakuweza kukujibu akiwa ameketi. Alisimama, akafumba macho, mwili ukapita njia yake, na mkono ukajiinua wenyewe mpaka mahali pake. "Hapa," alisema, naye akauona kwa mara ya kwanza pamoja na wewe.

Na katika vyote alivyovibeba, hakuna alichokibeba kwa heshima kama kusita kule kizingitini.

Mtunzi alikuwa kaka yake. Aliondoka nyumbani kijana, akabaki huko mjini akitunga na kusifiwa, wakati mdogo wake alibaki na mama, akampikia uji, akamgeuza kitandani alipokuwa hawezi kujigeuza. Mama alipofariki, kaka hakuwahi maziko. Alifika kaburi limeshakauka, akasimama mbali, mikono mfukoni, hakutoa chozi. Mdogo mtu aliapa moyoni kwamba hatamsamehe. Hata kaka alipomwambia, "Funga mzigo, twende, nitakutafutia kazi kwenye kundi," alifunga mzigo kwa hasira.

Wiki yake ya kwanza mjini walimsimamisha kando ya jukwaa, avute pazia. Jioni ile shemeji yake, mke wa kaka, alicheza *Kizingiti*. Alifika kwenye utepe, akaweka mguu, akakatika. Pumzi ile. Na kijana aliyeshika kamba ya pazia alielewa, au alidhani ameelewa, kwamba haya ndiyo machozi ambayo kaka yake hakuyatoa makaburini. Aliyaweka huku, mwilini mwa mkewe, kwa sababu wanaume wa nyumba yao hawakujua mahali pengine pa kuyaweka. Alisamehe palepale, kamba mkononi. Hakumwambia kaka yake, na kaka hakuuliza.

Msimu ule ulipokwisha shemeji aliacha kucheza, na *Kizingiti* kikakunjwa kama nguo ya marehemu. Mtunzi alitunga nyingine, na baadaye akafa ghafla, mazoezini, akiwa ameketi. Mdogo wake ndiye aliyeifufua dansi ile. Hakuna aliyekuwa ameipiga picha, na wachezaji wa zamani walikuwa wametawanyika. Aliitoa yote mwilini mwake, mahali ilipoingia alipokuwa akiifuatisha gizani kando ya jukwaa, kila jioni ya msimu ule. Noti za muziki hazikuandikwa kusimama kizingitini. Yeye ndiye aliyemwagiza mpiga kinanda mpya ashikilie sauti.

"Nimeishikilia mpaka kidole kimeota kutu," mpiga kinanda alipenda kusema.

Mlango wa chumba ukafunguliwa. Shemeji aliingia akiegemea fimbo, nywele zote nyeupe, gauni lililopigwa pasi kwa makini. Wachezaji waliokuwa wamejitupa sakafuni wakainuka wote kwa pamoja. Mwalimu alimwendea, akampokea mkoba.

"Karibu, shemeji. Umechoka na njia?"

"Nimechoka na ngazi. Mmeziongeza au?"

"Ni zilezile."

"Basi miguu ndiyo imepungua." Akaketi, akaipakata fimbo. "Endeleeni. Msicheze kwa ajili yangu, mimi ni mtu wa kawaida."

Lakini walicheza kwa ajili yake, nani asingecheza? Kuta zilisogea kwa utulivu, mikono ikamshika binti na kumwachia. Msumari alikuwa na uso wa mtu anayehama kweli. Alifika kwenye utepe. Akaweka mguu, akaanza kugeuka, akakatika. Kidole cha mzee kikabaki juu ya kinanda. Pumzi ikawa ndefu, nzuri, kamili, na vidole vya Mwalimu vikajikunja, kana kwamba bado vimeshika kamba ya pazia.

"Ngojeni," alisema shemeji. "Huyu binti anaumwa?"

Kinanda kikanyamaza.

"Siumwi, mama," alisema Msumari.

"Mguu? Goti la kushoto?"

"Zima kabisa."

"Sasa mbona unasita kama mimi?"

Mwalimu alitabasamu, tabasamu la mtu anayemfafanulia mgeni. "Hapo ndipo penyewe, shemeji. Hapo ndipo kaka alipomlilia mama. Nimewafundisha wote hivyo. Sijawahi kupaacha papotee."

Shemeji alimtazama. Alikuwa na macho ya mchezaji bado, yanayokutazama miguu kwanza ndipo yapande usoni.

"Nani aliyekuambia hivyo?"

"Hakuna aliyeniambia. Niliona."

"Uliona goti langu, shemeji." Sauti yake ilikuwa ya chini, bila ukali. "Lilikuwa limekwisha msimu ule. Kabla ya kuzunguka nililazimika kungoja maumivu yapite ndipo niuachie mguu uzito. Wewe ulifika nikiwa katika hali hiyo. Hukuniona nilivyoanza."

"Na mama?"

"*Kizingiti* tulikitunga mama yenu akiwa mzima. Tulikuwa bado tunampelekea nguo za sikukuu."

Ukuta mmoja, kijana mrefu, akashusha mkono wake taratibu, kana kwamba asiposhusha taratibu kitu kingevunjika.

"Ilikuwaje basi?" aliuliza Msumari. Ni yeye peke yake chumbani aliyeweza kuuliza.

Shemeji akaweka fimbo chini. Kwa kuwa miguu ilikuwa haimsaidii tena, aliicheza kwa mikono, kama wachezaji wanavyofanya wakikumbushana: kiganja kimoja kikawa mguu, kingine kikawa mwili. Kiganja kilifika ukingoni mwa paja lake na hakikusimama. Kilipita, kikazunguka, kikatoka kwa nguvu, na upepo wake ukainua ncha ya mtandio. "Alikuwa akinipigia kelele: 'Usiangalie nyuma! Ukiangalia nyuma utabaki humo ndani!' Muziki unakusukuma, nawe unaenda. Ni mtu anayetoroka, mwanangu. Hakuna msiba hapo."

Msumari aligeuka kumtazama Mwalimu. Hakuwa na ushindi usoni, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi Mwalimu. Angemkuta akitabasamu, angejua la kufanya.

"Mwalimu, jioni nicheze ipi?"

Wote walimngoja. Ndiyo kazi yake. Neno la mwisho kabla ya pazia ni la kwake, hata mkurugenzi hana la kuongeza. Mwalimu aliutazama utepe.

"Pumzikeni," alisema, akatoka.

Jukwaa lilikuwa ng'ambo ya korido. Mafundi wa taa walikuwa wamekwenda kula, wakaacha taa moja inawaka juu kabisa. Mwalimu alivua viatu. Alisimama mbele ya utepe, mwili wa mzee ndani ya suruali iliyopwaya magotini, akatembea hatua za binti. Akaweka mguu. Akasita. Hakuhitaji hata kuamua. Mwili ulisita wenyewe, kwa jinsi ulivyosita miaka yote, na uchungu uleule ukampanda kifuani, mtamu, wa kuzoeleka.

Goti, alijiambia. Umekuwa ukililia goti la mtu.

Akarudi nyuma ajaribu ile nyingine. Mguu ukakataa. Alikuja kwa kasi, akafika kwenye utepe, na kisigino kikashuka chini kama punda mkaidi. Akarudi. Kikashuka tena. Mwishowe alikuja akiimba muziki kwa sauti, akiupiga kwa kiganja pajani, na alipofika hakujipa nafasi ya kujua amefika. Akapita. Akazunguka. Nusura aanguke upande wa pili.

Alibaki ameinama, mikono juu ya mapaja, akihema. Na hapo, bila kumwita, alimwona kaka yake. Alimwona mgongo tu. Asubuhi ile alipoondoka nyumbani, begi begani, mama amesimama mlangoni anamwita kwa jina la utotoni, naye anakwenda, anakwenda, shingo imekaza, hageuki. Mdogo wake alikuwa uani na ndoo ya maji. Aliuchukia mgongo ule tangu siku hiyo. Hakuwahi kujiuliza kwa nini shingo ilikaza namna ile.

"Hiyo ndiyo," ilisema sauti kutoka chini. Shemeji alikuwa ameketi safu ya mbele, gizani. "Mbaya, lakini ndiyo hiyo."

"Ungekuja mapema," alisema Mwalimu bila kumgeukia. Hasira ilimtoka ghafla, ya kijana. "Miaka yote uko hai, unakunywa chai nyumbani kwa binti yako, na mimi huku nawafundisha watoto wa watu kuchechemea!"

"Ningekuja kutazama nini? Wasichana wenye magoti mazima? Shemeji, mimi nilikuwa siwezi hata kupita barabara hii. Dereva nilimwambia azungukie sokoni."

Mwalimu aliketi ukingoni mwa jukwaa, miguu ikining'inia. Walikuwa wamekaribiana sasa, yeye juu, shemeji chini.

"Nilimsamehe kwa ajili ya pale," alisema. "Kule kutokuwahi maziko. Niliona ule mguu wako umesimama, nikasema, kumbe analia."

Shemeji aliisugua fimbo kwa kidole gumba.

"Kuna jambo sikulisema mbele ya watoto," alisema hatimaye. "Aliporudi kutoka makaburini nilikuwa nimeanza kusita. Nikamwambia, nisamehe, nitapona, nitaicheza sawasawa. Akanitazama nikiifanya. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Halafu akasema, 'Acha hivyo hivyo,' akatoka chumbani."

Mwalimu aliinua kichwa.

"Acha hivyo hivyo?"

"Maneno hayo tu."

"Kwa kukuhurumia?"

"Pengine. Alikuwa na huruma siku nyingine. Pengine aliona ulichokiona wewe. Nilimwuliza usiku ule, akajifanya amelala. Unamjua ndugu yako."

"Namjua," alisema Mwalimu, kisha akatafakari neno hilo. "Hapana," akasema.

Alipowaita Msumari na mpiga kinanda, watu walikuwa wameanza kuingia ukumbini na pazia lilikuwa limeshushwa. Walisimama watatu nyuma ya pazia, sauti za viti na salamu zikiwafikia kama mvua ya mbali. Msumari alikuwa ameshapakwa rangi usoni. Alikuwa akikandamiza ncha ya kiatu sakafuni, kushoto, kulia, kushoto, jinsi walivyofanya wote kabla ya kuingia.

Mwalimu alimwonyesha ile ya pili, akamwambia na maneno ya Mtunzi kama alivyoyapata: usiangalie nyuma. Akamwambia na yale mengine: acha hivyo hivyo. Binti alizifanya zote mbili kwa mikono, halafu kwa mwili, nusu nguvu. Zote zilimkaa.

"Haya. Ipi?"

"Sijui."

Msumari alicheka, kicheko kifupi cha woga. "Mwalimu! Siku zote hizo unaninyanyasa kwa ncha ya kidole kimoja cha mguu, leo ninapocheza mbele ya mjane unaniambia hujui?"

"Leo sijui. Ukifika pale utakuwa unaijua nyumba unayoitoka kuliko mimi. Nenda au ngoja. Ila usinichezee mimi."

"Na mimi je?" mpiga kinanda alimaka kwa sauti ya chini. "Yeye anaamua huko, mimi huku nashika au naachia? Kidole hakina macho!"

"Wewe unayo. Mtazame."

"Mimi huwa natazama noti."

"Ziache. Mtazame binti."

Mzee alikohoa, akanung'unika kwamba ametapeliwa uzeeni, akaenda zake kwenye kinanda huku akipangusa miwani kwa shati.

Pazia likafunguka. Mwalimu alisimama kando, gizani, mahali alipozoea, na tangu mwanzo aligundua jambo geni: mwili wake ulikuwa kimya. Miaka yote, kila onyesho, alikuwa akicheza nao huko pembeni, uzito ukihama mguu hadi mguu, mabega yakiinuka kwa mabega yao, midomo ikihesabu. Leo nyayo zake zote mbili zilikuwa zimelala sakafuni. Alikuwa anatazama tu. Aliona kuta zikisogea na akashangaa zilivyokuwa na upole. Aliona mikono ya watu wa nyumbani ikimwachia binti mmoja mmoja, na mkono wa mwisho, wa yule kijana mrefu, ukichelewa kidogo. Kosa, ambalo siku nyingine lingemkosesha usingizi. Katika safu ya mbele kichwa cheupe kilikuwa kimesimama wima.

Msumari akaja. Alikuja kwa kasi kuliko mazoezini, na uso wake haukuonyesha kama anakimbia kitu au anakibeba. Kwenye kinanda, mzee aliinua uso kutoka kwenye karatasi na kumkazia macho, kinywa wazi kama mtoto. Ukumbi ukaacha kukohoa. Mguu wa kushoto ukatua juu ya utepe mweupe, na Mwalimu, mikono yake ikiwa haina la kufanya, aliinama mbele kidogo gizani, kama mtu aliyebisha hodi na sasa anasikia nyayo zikija kutoka ndani.